Harufu moja, mbegu tofauti

Ndugu uliyeuliza kama kipimo cha vinasaba kinaweza kutenganisha mpunga wa Kyela na wa Mbarali (wilaya mbili za Mbeya): kinatenganisha mbegu, si shamba. Aina ile ile ya mpunga, tuseme Supa, ukiipanda Kyela na Mbarali, vinasaba ni vile vile.

Na usipime harufu peke yake. Mpunga una jozi 12 za kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba), na kwenye ya 8 kuna jeni, yaani kipande cha vinasaba chenye kazi yake, iitwayo BADH2. Katika aina nyingi zinazonukia, jeni hiyo imepungukiwa herufi 8 (vinasaba huandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T) ikaharibika, ndipo kemikali ya harufu inajikusanya (hiyo hiyo unayoinusa kwenye bisi za moto). Sasa ukitazama hapo tu, aina mbili zisizo na undugu wa karibu zitaonekana pacha.

Kinachoonyesha utofauti ni zile sehemu ambazo herufi zinajirudia, GAGAGA hivi: mmea huu umerudia mara 12, ule mara 17. Sehemu moja haitoshi. Linganisha sehemu nyingi, na koo zinaanza kujitenga zenyewe. Jani changa linatosha, huna haja ya kusubiri mavuno.

Mimi ningeanza na mbegu za kienyeji zinazopeanwa jirani kwa jirani. Humo jina moja linaweza kubeba aina mbili tatu, na aina moja ikawa na majina matatu. Chukua jani kwa mche mmoja mmoja, usichanganye kwenye bahasha moja. Ukichanganya, hutajua ipi ni ipi.