Vikombe vya kahawa na risiti viende pipa gani?
Ndugu, umeuliza kama vikombe vya karatasi vya kahawa pale ofisini viingie pipa la karatasi za kurejelezwa, yaani zinazopelekwa kiwandani kutengenezwa upya. Kwa kawaida hapana. Ndani vina utando mwembamba wa plastiki. Chana kimoja taratibu utauona ukivutika. Risiti nazo weka kando: ukiikwaruza kwa ukucha ikaacha mstari mweusi, ujue imepakwa kemikali. Pini za stepla wala zisikuumize kichwa, kiwandani huchujwa. Adui hasa ni mafuta, maana boksi moja lililolowa mafuta ya chakula huchafua na karatasi safi zilizo chini yake. Chupa za plastiki tazama namba ya aina ya plastiki kwenye kitako, 1 na 2 ndizo hupokelewa zaidi. Betri, tafadhali sana, zikusanyeni peke yake. Za lithiamu zikibanwa ndani ya lori la taka zinaweza kuwaka moto.