Pijo la 1979 lataka bima kubwa

SWALI: Nina Peugeot 504 ya mwaka 1979, naendea nayo kazini kila siku, na baadhi ya Jumamosi hubeba maharusi kwa malipo. Wakala anasema gari la umri huu ni la bima ndogo tu (ile inayofidia watu wengine), si kubwa inayolipia na gari lako. Ni kweli? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Si kweli kisheria. Sheria inadai bima ndogo, basi. Kulinyima gari kuukuu bima kubwa ni uamuzi wa kampuni, na kampuni hazifanani. Mwache wakala huyo, mtafute dalali wa bima anayeweza kuulizia kampuni kadhaa kwa pamoja.

Kabla ya hapo mwite mthamini wa magari. Mpe risiti za spea, picha zenye tarehe za nje, ndani, injini na uvungu, pamoja na namba ya chasisi. Bila ripoti yake, siku gari likiharibika kabisa utalipwa bei ya soko, na kwa wengi soko la 504 ni la chuma chakavu. Omba thamani hiyo ya mthamini iandikwe kwenye mkataba kuwa thamani mliyokubaliana. Neno la mdomo halihesabiki.

Usishushe thamani ili upunguze ada. Tuseme gari ni la milioni 12, wewe umeandika milioni 8. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 umeokoa Sh 140,000 kwa mwaka, kabla ya VAT. Ukipata ajali ya matengenezo ya milioni 4.5 na mkataba una kipengele cha uwiano (kinachopunguza malipo kwa kadiri ulivyoshusha thamani), utalipwa theluthi mbili, yaani milioni 3, ukitoa na kiasi cha kila dai unachochangia mwenyewe. Na kwa kuwa matengenezo yamezidi nusu ya milioni 8, kampuni inaweza kusema gari halitengenezeki na kuchukua mabaki. Kwa hiyo omba mapema haki ya kuyanunua.

Soma pia kipengele cha spea. Mikataba mingine hulipa bei ya mwisho ya orodha ya kiwanda, na 504 ya saluni ilikoma kutengenezwa Ufaransa mwaka 1983! Kioo cha mbele kiongezewe kinga yake, kwa bei unayokipata leo.

Hao maharusi ndio tatizo. Bima ya gari binafsi haihusu kubeba watu kwa malipo. Ajali ikitokea siku hiyo, fidia umeikosa. Lipia matumizi ya kukodisha au uache.

Zile bima za magari ya kale za Uingereza unazoziona mtandaoni zisikuchanganye: nyingi huweka kikomo cha maili kwa mwaka na hutaka uwe na gari jingine la kila siku.

SWALI: Pijo langu lina injini ya Toyota. Nitaje injini hiyo kwa kampuni ya bima? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Taja. Badilisha kwanza namba ya injini kwenye kadi ya gari TRA, kisha ijulishe kampuni ya bima kwa maandishi. Mkaguzi wa ajali husoma namba kabla ya kuangalia bodi.