Shimo la barabarani ni la nani?

Swali la wiki liliuliza: mwanasiasa tumwajibishe kwa siasa za kitaifa au kwa kero za mtaani? Mimi sichagui, maana kuchagua huko ndiko anakokutaka mwanasiasa. Mbane kwa mtaro ulioziba, atakwambia habari za reli, umeme, amani na umoja wa taifa. Mbane kwa deni la taifa au muswada alioupigia kura ya ndiyo, ghafla anakumbuka mtaa: nimetoa jezi, nimechangia bati za msikiti, nimenunua madawati. Kila unapomfuata huku, yeye yuko kule. Jibu langu ni kwamba kila mmoja abanwe kwa kazi aliyopewa na sheria, na hilo haliwezekani kama mwananchi hajui kazi ya nani ni ipi. Wengi wetu hatujui. Wao wanajua kwamba hatujui.

Chukua shimo la barabarani. Tanzania Bara, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Zile za mitaani na vijijini, ambazo zamani zilishikwa na halmashauri, tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala aliye chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Maana yake diwani anayepanda jukwaani na kuahidi lami anaahidi kitu kisichotoka kwenye baraza lake. Madiwani wenyewe wamelalamika sana kwamba wakala huyo hawajibiki kwao, anakuja kwenye kikao kama mgeni. Anayejibu ni waziri, na waziri anajibu bungeni. Kwa hiyo shimo lililo mbele ya nyumba yako ni jambo la Bunge, na wa kulisemea huko ni mbunge. Lakini sisi tunamfokea nani? Mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu nyumba yake tunaijua. Maskini ya Mungu, hana hata fungu la kununulia koleo.

Vuka Namanga uingie Kenya, shimo lilelile lina mwenyewe mwingine. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti 47. Barabara za kaunti, taa za barabarani, mifereji ya maji ya mvua, uzoaji taka, masoko, zahanati na shule za chekechea ni za kaunti. Wa kuulizwa hapo ni gavana, na wa kumchunguza gavana ni mwakilishi wadi. Mbunge wa Nairobi hana kazi na taa ya mtaani. Kazi yake ni sheria, bajeti ya taifa na kuisimamia serikali kuu. Hata hivyo wabunge wa Kenya wamekuwa na mfuko wao wa maendeleo ya maeneo bunge tangu 2003, na ni kwa mfuko huo wanapenda kupimwa: madarasa, basari, vituo vya polisi. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya mfuko huo ya 2013 ilikuwa kinyume cha Katiba, kwa hoja mojawapo kwamba mtunga sheria hawezi pia kuwa mtekelezaji wa miradi. Wakati hukumu inatoka wabunge walikuwa wameshajitungia sheria nyingine, ya 2015. Mbunge akishakuwa mjenzi wa madarasa, nani atamuuliza alipiga kura gani kwenye kodi?

Na hata huko mipaka haijanyooka. Magavana na serikali kuu wamevutana kuhusu barabara zipi ni za nani na ushuru wa mafuta wa kuzitengeneza ukae mfuko gani. Mvutano wa namna hiyo mwananchi akiuacha kwa wakubwa, anaishia kupigwa danadana kutoka ofisi hadi ofisi. Kazi ya kwanza basi, kabla ya hasira, ni kuuliza: hili ni la nani kisheria?

Kazi ya pili ni kujifunza kuuliza. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapopoteza mechi. Mkutano wa hadhara, mtu anasimama: «Mheshimiwa, barabara yetu mbovu, tunaomba utusaidie.» Jibu linajulikana kabla halijatoka. Upembuzi yakinifu unaendelea. Tuko kwenye mchakato. Fedha zikipatikana, mkandarasi ataingia saiti. Watu wanapiga makofi, muziki unawashwa. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyejibu. Tatizo lilianza kwenye neno «tunaomba». Aliyeomba anapewa matumaini.

Sasa mtu mwingine asimame na karatasi mkononi: «Mheshimiwa, barabara hii ilikuwemo kwenye mpango wa matengenezo wa mwaka wa fedha ulioisha Juni 30. Fedha zilitoka zote au nusu? Kama zilitoka, mkandarasi alilipwa kwa kazi ipi? Kama hazikutoka, wewe uliuliza lini bungeni?» Hapo upembuzi yakinifu hausaidii. Swali lina tarehe, lina jina la barabara, lina hesabu, na linahusu kitu ambacho mheshimiwa alifanya au hakufanya. Atajaribu kucheka, atasema tutaonana pembeni. Asikubaliwe ya pembeni. Pembeni ndiko maswali yanakofia, na wakati mwingine ndiko muulizaji anakopewa nauli.

Wakati wa kuuliza nao una siri yake, na sijui kwa nini vyama vya upinzani na asasi hazilisemi hili kila mwaka. Mvua za masika zinanyesha Machi hadi Mei, mitaro inafurika, kila mtu anapiga picha za madimbwi. Katika miezi hiyohiyo Bunge liko Dodoma kwenye mkutano wa bajeti, kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni. Na ni Aprili hiyohiyo ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inapowekwa mezani, kwa kuwa Ibara ya 143 ya Katiba inataka apeleke ripoti kwa Rais na Rais aagize iwasilishwe bungeni. Yaani kero iko mlangoni, fedha za mwaka ujao zinagawiwa, na hesabu za fedha zilizokwisha kutumika zimeanikwa, vyote kwa wakati mmoja. Sisi tunafanyaje? Aprili tunashangaa mabilioni yaliyotajwa kwenye ripoti, tunatengeneza vichekesho, mwezi Mei tunasahau. Ni wachache wanaofungua ripoti ya serikali za mitaa na kutafuta halmashauri yao imeandikwa nini. Ukurasa mmoja unaoitaja halmashauri yako una faida kwako kuliko mjadala wote wa redioni.

Siasa za kitaifa nazo zinaingia nyumbani kwa mlango huohuo. Kenya walituonyesha mwaka 2024. Vijana walichukua Muswada wa Fedha, nyaraka ndefu ya kisheria, wakaeleza vifungu vyake kwa lugha ya jikoni: kodi ya mkate, kodi ya gari, bei ya nepi. Juni 25 wabunge 195 waliuunga mkono na 106 wakaukataa. Siku hiyo waandamanaji waliingia ndani ya majengo ya Bunge, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Damu ile haikupaswa kumwagika na sitaki kuipamba. Ila lipo moja ambalo halikuhitaji mtu kwenda barabarani: orodha ya majina. Wapiga kura walitaka kujua mbunge wao alikuwa miongoni mwa wale 195 au wale 106, na kwa mara moja mbunge hakuweza kujificha nyuma ya madarasa aliyojenga.

Tanzania hatuna kisingizio, kwani bajeti ya serikali hupigiwa kura kwa kuitwa jina, mbunge mmoja mmoja, na redio na televisheni zipo. Wengine watasema wabunge wanaogopa kwa kuwa bajeti ikikataliwa Rais anaweza kulivunja Bunge, na kweli Ibara ya 90 inampa mamlaka hayo. Sawa, basi aje jimboni atueleze hivyo. Aseme: niliona kodi hii itawaumiza, nilichangia kuipinga, mwishoni nikapiga kura ya ndiyo kwa sababu hizi. Huyo ninaweza kumwelewa. Nisiyemwelewa ni anayesifia kwa dakika tisa na kuunga mkono hoja kwa asilimia mia, kisha anarudi kutugawia kofia.

Kwa wanaosema kero za mtaani ni siasa ndogo, waulize wa Chicago. Januari 1979 theluji ilifunga mitaa ya jiji hilo, kazi ya kuiondoa ikasuasua, na mwezi uliofuata meya Michael Bilandic akaangushwa na Jane Byrne kwenye kura za mchujo ndani ya chama chao wenyewe. Tuendelee.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa India. Kuanzia 1994, vijijini katika jimbo la Rajasthan, wakulima na vibarua waliojipanga chini ya chama chao cha MKSS walianza kufanya mikutano ya wazi ya kusomeana hesabu. Walitafuta nakala za daftari za malipo ya vibarua na risiti za miradi ya serikali, kisha wakazisoma kwa sauti mbele ya kijiji kizima. Jina linasomwa: fulani alilipwa kwa siku kadhaa za kuchimba bwawa. Fulani anasimama, anasema sikuchimba. Linasomwa jingine, watu wanaguna: huyo alishafariki. Inasomwa risiti ya jengo, na jengo halipo. Kila mwenye masikio anaelewa, hata asiyejua kusoma. Harakati hizo ni sehemu ya mizizi ya sheria ya haki ya kupata taarifa ya India ya 2005. Uganda walipita njia inayofanana kwa upande wa elimu. Uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba shule za msingi zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ya uendeshaji iliyotengwa na serikali kuu. Serikali ikaanza kutangaza magazetini na kubandika shuleni kiasi kilichotumwa, na baadaye fungu lililofika likapanda sana. Wachumi wanabishana ni kiasi gani cha mafanikio kilitokana na magazeti na kiasi gani na mageuzi mengine ya wakati ule. Lakini mwalimu mkuu aliyejua kilichotumwa alikuwa na la kumuuliza ofisa wa wilaya.

Nisiwasakame wanasiasa peke yao. Msiba ukitokea tunampigia mheshimiwa. Harusi, mheshimiwa. Timu haina mpira, mheshimiwa. Tumemfanya mhasibu wa shida zetu binafsi, naye fedha hizo anazirudisha kutoka mahali fulani, na mahali hapo ndipo penye mtaro wetu. Mtu aliyepokea kanga na elfu chache wakati wa kampeni anaona aibu kuuliza. Ndiyo maana zinagawiwa.

Kuna watakaosema dawa ni kuwaondoa kabla ya muda. Kwa karatasi, Ibara ya 104 ya Katiba ya Kenya inawapa wapiga kura haki ya kumrudisha mbunge nyumbani, lakini masharti yaliyowekwa na sheria ya uchaguzi yalikuwa magumu kiasi kwamba Mahakama Kuu ilitengua baadhi yake mwaka 2017. Kwetu Tanzania haki hiyo haipo kabisa. Kilichopo ni kwamba mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kinaondoka. Chama kinaweza kumwondoa leo. Mimi niliyempigia kura nasubiri miaka mitano. Ukilijua hilo hushangai tena kwa nini anamsikiliza katibu wa chama kuliko wewe. Hili linahitaji kubadilishwa kwenye Katiba, na mwanasiasa anayeomba kura aulizwe waziwazi kama atalibeba.

Wakati tukisubiri, zipo sheria ambazo karibu hatuzigusi. Tanzania na Kenya zote zilitunga sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Mwananchi anaandika barua kwa ofisi ya umma kuomba mkataba, mpango wa matengenezo au taarifa ya mapato na matumizi. Kenya ofisi ina siku 21 za kujibu, Tanzania siku 30. Haihitaji wakili wala chama. Vijijini, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kisheria, na hapo mapato na matumizi hayaombwi kama hisani. Hofu ipo, sikatai; anayeuliza peke yake huitwa mchochezi, na ofisi fulani barua yake inaweza kupotea. Kwa hiyo isiandikwe na mtu mmoja. Waandike wazazi wa shule, wenye maduka wa mtaa mmoja, madereva wa bodaboda wa kijiwe kimoja, wote wasaini, nakala moja ipigwe muhuri wa kupokelewa mapokezi na ibaki kwao. Barua ya kwanza iombe kitu kidogo kinachoonekana kwa macho, kama mkataba wa daraja lisilokwisha, na mbunge apelekewe nakala siku hiyohiyo, ili asije akasema hakuwa na taarifa.