Kukaba Mtu kwa Mtu Kulivyomaliza Miguu ya Vijana Wangu

Jumamosi iliyopita tulifungwa 3-0 kwenye nusu fainali ya vijana chini ya miaka 15, na hadi leo usingizi hauji vizuri. Timu hiyohiyo ilikuwa haijaruhusu bao mechi nne mfululizo. Baada ya filimbi ya mwisho mzazi mmoja akasema mbele ya watu kwamba nimewachosha watoto. Iliniuma. Iliniuma zaidi usiku, nilipofungua daftari la mazoezi nikaona hakukosea.

Wapinzani walikuwa na kiungo hatari. Kwa hiyo wiki nzima tulicheza watatu kwa watatu kwenye uwanja mdogo, kila mmoja na mtu wake, hakuna kubadilishana. Nilipenda nilichokiona: vijana wakali, mipira inanyang'anywa, jasho linamwagika. Nikaendelea hadi Alhamisi jioni.

Sisi tunaotaka kutoa wachezaji wa kweli tunajua kukaba ni ufundi. Nilichosahau ni kwamba ni mzigo pia. Ukikaba eneo, yaani unalinda sehemu yako ya uwanja badala ya mtu, mpira ukihamia upande wa pili unapata sekunde kadhaa za kuvuta pumzi huku ukijipanga. Ukikaba mtu, pumzi yako iko mikononi mwake: akichomoka unachomoka ukiwa umeshachelewa, akisimama ghafla unasimama, akigeuka unageuka. Kule kuanza na kusimama ndiko kunakoua mapaja. Naye anayekabwa hapumziki, maana asipojinasua hapati pasi. Mapigo ya moyo yanapanda pande zote mbili kuliko katika mchezo uleule usio na sharti la kukaba mtu.

Miguu ilikuwa nusu ya tatizo. Kipindi cha pili beki wangu wa kati, mtoto mwenye akili ya mpira kuliko wote, alimfuata mshambuliaji wake hadi karibu na kibendera cha kona, kama nilivyomwagiza. Kiungo wao akapita katikati peke yake. Bao. La tatu likaja hivyohivyo. Sikuwa nimewafundisha kupokezana mtu wala kufunika nafasi ya mwenzao. Niliwafundisha kutazama jezi moja.

Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1966 pale Wembley, kocha wa Ujerumani Magharibi, Helmut Schön, alimpa Franz Beckenbauer, kijana wa miaka 20, kazi ya kumkaba Bobby Charlton, kiungo nyota wa Uingereza. Charlton hakung'ara kweli, lakini Beckenbauer naye akafifia, na Uingereza ikashinda 4-2 baada ya muda wa nyongeza. Nami mchezaji wangu bora nilimgeuza kivuli cha mtu.

Kocha mwenzangu, usiliache zoezi hili. Lipime. Mimi sasa nawapa dakika mbili za kukaba na mbili za kupumzika, mara nne, mwanzoni mwa wiki tu. Vijana wanaweka vidole shingoni, wanahesabu mapigo kwa sekunde 15, wanazidisha kwa 4. Ambaye mapigo hayajashuka baada ya mapumziko anakaa nje. Wakizidiwa, naongeza mchezaji huru anayecheza na wenye mpira, na presha inapungua papo hapo. Kisha tunamalizia na mchezo mkubwa wa kukaba eneo, wakiitana "wako!" wanapopokezana mtu. Na tusiwachoshe watoto kwa kutafuta sifa zetu sisi. Narudia, lipime, kwa sababu mtoto hatakwambia amechoka. Atakimbia hadi miguu ikatae.

Jumatatu yule beki alikuja mapema kunisaidia kupanga koni. Akaniuliza, "Kocha, nikimwachia mwenzangu mtu, mimi naenda wapi?" Tulibaki pale tukisogeza koni mpaka wenzake wakafika.