Shangazi Anajibu: Mti wa Krismasi Ujerumani

Shikamoo shangazi. Ni Krismasi yetu ya kwanza Hamburg na miti imejaa sokoni. Tununue upi? (Mama wa wawili)

Marahaba mwanangu. Ulizia Nordmanntanne. Ni ghali kuliko aina nyingine iitwayo Fichte, lakini Fichte ukiuweka kwenye chumba chenye hita, haichukui muda utakuwa unafagia majani asubuhi na jioni. Tena majani ya Nordmann ni laini, hayachomi watoto. Usinunue kwa macho: shika tawi, lipitishe vidoleni taratibu, majani mengi yakibaki mkononi, mwachie muuzaji mti wake. Na kabla hujatoka nyumbani pima dari, maana stendi na nyota navyo vina urefu wao.

Ukiufikisha, usiutoe baridini ukauingiza sebuleni papo hapo. Ulaze kwanza kibarazani. Kisha kata kipande cha shina, sentimita mbili tatu, kwa kuwa utomvu huziba pale ulipokatwa na mti ukashindwa kunywa maji. Siku za mwanzo utakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Chungulia stendi kila siku.

Mama mkwe wangu Mjerumani ananuna nikipamba mapema Desemba. Anasema mti ni tarehe 24. (Mkamwana, Köln)

Kwa desturi za kwao hajakosea. Zamani mti ulipambwa siku hiyo hiyo, mlango umefungwa, watoto wanangoja kengele ilie ndipo waingie. Siku hizi Wajerumani wengi nao hupamba mapema, ila hilo usimwambie wewe, mwachie mwanawe. Desemba weka mezani shada la Advent (Majilio) lenye mishumaa minne, muwashe mmoja zaidi kila Jumapili, na mti mkaupambe pamoja na mama mkwe tarehe 24. Akija na mishumaa ya moto, ndoo ya maji iwe karibu, pasiwe na tawi juu ya mwali, na mtu mzima asitoke chumbani. Mimi ningempa taa za umeme kama zawadi.

Eti vitenge na shanga haviendani na mti wa huku? (Dada wa Bremen)

Nani kasema? Vipande vinavyobaki kwa fundi vishone vinyota, ujaze pamba, uvining'inize. Shanga zizungushe juu hadi chini. Ila ile pamba tuliyokuwa tukitandaza juu ya matawi ya mivinje iwe theluji, achana nayo: inashika moto upesi, na theluji ya kweli utaichoka dirishani.

Januari tunautupa wapi? Nasikia Berlin hulishwa tembo! (Baba Juni)

Wengi huutoa baada ya tarehe 6, sikukuu ya Wafalme Watatu. Manispaa hutangaza siku za kukusanya. Uweke nje mtupu, bila waya wala pambo hata moja. Habari ya tembo wa bustani ya wanyama ni kweli, lakini hao hupewa miti ambayo wauzaji hawakuiuza. Wa kwako, wenye vinyota vya kitenge vilivyosahaulika matawini, hawautaki.