Ng'ombe wa nyama anayekaribia kuzaa alishwe nini?

SWALI: Nafuga ng'ombe wa nyama aina ya Ankole. Majike kadhaa na mitamba wawili (majike wachanga ambao hawajazaa bado) watazaa Februari, wakati majani yamekauka. Je, niwape chakula cha ziada sasa, au ningoje wazae kwanza?
Mfugaji, Nakasongola

JIBU: Ndugu mfugaji, usingoje. Sehemu kubwa ya uzito wa ndama huongezeka katika miezi 3 ya mwisho ya mimba, na jike anayezaa akiwa amekonda huchelewa kuingia joto (kuwa tayari kupandwa) hata akilishwa vizuri baadaye, ilhali ili azae kila mwaka yampasa ashike mimba tena ndani ya siku 80 hivi. Mtazame ubavuni: mbavu zote zikihesabika ukiwa mbali, umekwisha kuchelewa kidogo.

Nyasi kavu zenye protini chini ya asilimia 7 hazisagiki vyema tumboni, kwa hiyo kinachopungua kwanza ni protini, wala si wingi wa majani. Mashudu ya pamba (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta), takriban kilo 1 kwa siku, yatamfaa kuliko ndoo ya pumba za mahindi, ambazo wengi wetu huzikimbilia kwa sababu ya bei. Mitamba watenge, kwani bado wanakua na majike wakubwa huwasukuma horini. Chumvi ya madini iwepo wakati wote. Urea, ambayo wengine huitia kwenye chakula ili kuongeza protini, sikushauri uichanganye mwenyewe: ikinyeshewa ikayeyuka, ng'ombe akinywa maji yale aweza kufa.

Baada ya kuzaa mahitaji hupanda zaidi kwa sababu ya maziwa, basi endelea kuwalisha hadi mvua za Machi zioteshe majani mabichi ya kutosha.