Kipimo cha damu cha mzio wa machungwa na malimau
Je, mzio wa machungwa na malimau unaweza kupimwa kwa damu? Ndiyo, mzio wa machungwa, malimau na matunda mengine ya jamii hiyo hupimwa kwa damu: maabara hutafuta kingamwili za aina ya IgE (zile zinazohusika na mzio) zinazolenga tunda husika, na kwa desturi kiwango cha kuanzia 0.35 kU/L (kizio cha kupimia kiasi cha kingamwili hizo kwa lita) huhesabiwa kuwa chanya. Hata hivyo, majibu hayo huonyesha tu kwamba kinga ya mwili imezitambua protini za tunda kama adui, wala si lazima mtu adhurike akilila, kwa kuwa baadhi ya protini hizo hufanana na zile za chavua. Ndiyo maana daktari makini huanza na historia ya dalili, na mara nyingine hufanya kipimo cha ngozi, yaani huidunga ngozi kidogo kwa sindano iliyodungwa kwanza kwenye tunda lenyewe. Dawa za antihistamini, yaani za kutuliza dalili za mzio, huvuruga kipimo cha ngozi lakini haziathiri cha damu. Vipimo vya IgG, aina nyingine ya kingamwili, ambavyo hutangazwa sana, havithibitishi mzio wa chakula. Aidha, wekundu wa kuzunguka mdomo unaosababishwa na ukali wa tindikali, hasa kwa watoto wadogo, si mzio, na kipimo cha damu cha IgE hakiwezi kuugundua.